Mzee wa Kibaigwa aliyeambiwa amezidisha: kisa cha lango la API na ukomo wa maombi

Huduma yenyewe ni ya kawaida. Kampuni ndogo hapa Dodoma inakusanya bei za nafaka kwenye masoko ya kanda ya kati, Kibaigwa likiwa ndilo kubwa, kisha inazitoa kwa njia ya API, yaani mlango ambao programu nyingine huombea data. Wanaozichukua ni wa aina tatu. Kuna programu ya simu ya kampuni yenyewe, inayotumiwa na wafanyabiashara, madalali na wakulima kiasi. Kuna kampuni mbia inayoendesha menyu ya USSD kwa wenye simu za kitochi. Halafu kuna watu waliopewa ufunguo wa API (neno la siri linaloutambulisha mlango ni nani anayeomba) kwa kuomba tu, wengi wao wanafunzi. Nyuma ya yote hayo ni seva moja ya kukodi yenye RAM ya GB 4, na kanzidata ya PostgreSQL inakaa humo humo.

Miezi mingi ya mwaka seva hiyo haina kazi ya maana. Shida huanza msimu wa mavuno. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kwa hiyo mahindi, mtama na alizeti huiva karibu kwa pamoja, na kuanzia Mei au Juni malori kutoka Kiteto na vijiji vya Kongwa yanaanza kumiminika Kibaigwa. Bei ya asubuhi ikishawekwa mtandaoni, kila mtu anafungua simu. Mnunuzi aliyeko Dar anataka kujua kama atume gari leo. Mkulima anataka kujua kama auze au asubiri wiki nyingine.

Dalili zilikuwa zile ambazo yeyote aliyewahi kuendesha PostgreSQL kwenye mashine ndogo anazijua: logi, yaani daftari la matukio ya seva, imejaa "FATAL: sorry, too many clients already". Usipoibadilishia mipangilio, PostgreSQL inakubali miunganisho 100 tu kwa wakati mmoja, na kila ombi lililokwama lilikuwa limeshikilia mmoja wake. Walioumia kwanza ni wa USSD. Menyu ya USSD ikichelewa sekunde chache mtandao wa simu unaikata, na mtu analazimika kuanza upya kwa nyota na reli. Akirudia, anaongeza ombi jingine kwenye foleni ile ile iliyomkwamisha.

Kampuni ikaamua kuweka lango la API, yaani programu inayopokea kila ombi kabla halijaifikia huduma, lenye ukomo wa maombi: kila mteja na idadi yake kwa dakika, akizidisha anarudishiwa jibu la 429. Namba hiyo imo kwenye viwango vya HTTP tangu 2012, katika waraka wa RFC 6585, na maana yake ni moja tu: umetuma maombi mengi mno, subiri. Wakachagua Kong.

Uchaguzi huo sina ugomvi nao. Kong ni programu huria tangu 2015, imejengwa juu ya NGINX, ile seva ya wavuti inayopokea maombi na kuyapitisha, na OpenResty inayoiongezea uwezo, na tangu toleo la 1.1 unaweza kuiendesha bila kanzidata yoyote, mipangilio yote ikakaa kwenye faili moja la YAML. Kwa seva ya GB 4 hilo si jambo dogo. Anayeanza leo ajue kwamba kuanzia toleo la 3.10 hawatoi tena picha za Docker (vifurushi vya kuendeshea programu ndani ya kontena) zilizo tayari za toleo huria, kwa hiyo ama abaki na 3.9 ama ajijengee mwenyewe kutoka kwenye msimbo. Kama ni kuanza upya leo, Apache APISIX, lango jingine huria, nayo ningeipima kwa makini. Na kwa mwenye mteja wa aina moja tu, NGINX peke yake na ile limit_req yake ya kuweka ukomo inamtosha kabisa. Asijitwishe mzigo wa lango zima kwa sababu ameona wenzake wanalo.

Kila mtu kawa mtu mmoja

Kijana wao wa mifumo aliweka ukomo wa maombi 60 kwa dakika kwa kila anwani ya IP, yaani namba ambayo kifaa huonekana nayo mtandaoni. Kwenye karatasi ulikuwa ukomo wa ukarimu, kwa sababu ukifungua ukurasa wa kwanza wa programu ya simu, maombi yanayotoka ni manne: bei, orodha ya masoko, matangazo, na kuulizia kama kuna toleo jipya. Mtu angefungua programu mara kumi na tano ndani ya dakika moja ndipo aguse ukomo.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, simu ya ofisi ikaanza kuita. Ya mzee mmoja wa Kibaigwa ndiyo inayonukuliwa mpaka leo pale ofisini: "Mwanangu, hii programu yenu inaniambia nimezidisha. Nimezidisha nini, na ndiyo kwanza nafungua simu?" Binti wa huduma kwa wateja akampa shikamoo, akaomba radhi, akamwambia azime simu na kuiwasha. Haikusaidia, na isingeweza kusaidia.

Logi ya Kong ilikuwa na jibu tangu mwanzo. Nimezipunguza hizi ili zionekane vizuri:

```
172.18.0.1 "GET /v1/bei?soko=kibaigwa&zao=mahindi" 429
172.18.0.1 "GET /v1/masoko" 429
172.18.0.1 "GET /v1/bei?soko=majengo&zao=mchele" 429
172.18.0.1 "GET /v1/bei?soko=kibaigwa&zao=alizeti" 429
```

Safu ya kwanza haibadiliki. Hiyo 172.18.0.1 si simu ya mtu yeyote. Ni upande wa pili wa daraja la Docker, mtandao wa ndani unaoiunganisha seva na kontena la Kong. Seva ilikuwa na NGINX mbele inayoshughulikia cheti cha HTTPS, nayo ndiyo inayompelekea Kong maombi. Kwa macho ya Kong, mzee wa Kibaigwa, mnunuzi wa Dar na menyu nzima ya USSD walikuwa mteja mmoja mwenye vurugu, wakigawana maombi 60 kwa dakika.

Tiba ya hapo ni mistari mitatu kwenye mazingira ya kontena:

```
KONG_TRUSTED_IPS=172.18.0.0/16
KONG_REAL_IP_HEADER=X-Forwarded-For
KONG_REAL_IP_RECURSIVE=on
```

Maana yake: ombi likitoka kwenye anwani hizi, usiitazame anwani yenyewe, soma ile iliyoandikwa ndani ya X-Forwarded-For, hedari (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) ambamo NGINX huandika anwani ya mtumaji halisi. Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni unasema weka 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, kwenye mstari wa kwanza ili mambo yaende. Yataenda kweli, lakini utakuwa umeamua kumwamini kila mtu duniani, na yeyote anayejua curl, chombo cha kutuma maombi kwa mkono, ataandika anwani ya uongo kwenye X-Forwarded-For na kuhesabiwa kama mtu mpya kila sekunde. Mwamini yule tu unayemjua, yaani NGINX yako.

Tukiwa hapo hapo kwenye Docker: bandari 8001 ya Kong ni ya usimamizi, na anayeifikia anauona mpangilio wako wote, funguo za wateja zikiwemo, na anaweza kuubadili. Bandari iliyotangazwa na Docker inapita pembeni ya ufw, ngome ya mtandao ya Linux, kwa hiyo kuandika "ufw deny 8001" na kwenda kulala si ulinzi. Ifunge kwenye 127.0.0.1 (mashine yenyewe tu) wakati wa kuitangaza, au usiitangaze kabisa.

Anwani si mtu

Baada ya marekebisho, kelele zikapungua lakini hazikuisha. Sasa 429 ziliwafikia watu wa simu peke yao, nao kwa makundi: robo saa wa mtandao huu, robo saa wa mtandao ule. Waliokuwa kwenye intaneti ya ofisi hawakuona kitu, jambo ambalo lilifanya tatizo liaminike kwa shida, maana wapimaji wote walikuwa ofisini.

Sababu inajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi kwenye mitandao ya simu. Anwani za IPv4 zimekwisha, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache za nje. Kuna hata fungu maalumu lililotengwa kwa ajili ya upande wa ndani wa mpango huo, 100.64.0.0/10, tangu 2012. Kwa seva iliyoko nje, mamia ya simu zinaweza kuonekana zinatoka sehemu moja. Ukihesabu kwa IP unafanya kama mtoza ushuru anayehesabu malori na kusahau kwamba lori moja limebeba magunia ya watu kumi.

Hapa ndipo kilipo kiini cha kisa hiki. Vikao vya mwanzo vya kampuni vilibishania namba: 60, 100, au 300? Lakini ukiongeza namba huku bado unahesabu kwa IP, unapata ukomo ambao ni mkubwa mno kwa mtundu mmoja na mdogo mno kwa soko zima. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: tunamhesabu nani? Na jibu halikuwa moja, kwa sababu wateja hawakuwa wa aina moja.

USSD ni seva moja inayouliza kwa niaba ya maelfu. Huyo ni mteja mmoja mwenye ufunguo wake, na haki yake ipimwe kwa sekunde, si kwa dakika, kwa kuwa kinachomuumiza ni mkupuo. Mwanafunzi ni mtu mmoja na ufunguo mmoja. Kwake ni rahisi. Kigumu ni programu ya simu. Ufunguo wa API umefungwa ndani ya programu yenyewe, ule ule kwa kila mtu aliyeipakua. Ukihesabu kwa ufunguo umerudi palepale: kila mtu ni mtu mmoja.

Suluhisho la kweli ni kila mtumiaji kuingia kwa namba yake ya simu na kupewa tokeni yake, yaani kitambulisho cha kuingilia. Kampuni haikutaka, na nadhani walikuwa na hoja. Mkulima anayetaka bei ya mtama hana sababu ya kujisajili, na ukishatunza namba za simu unaingia rasmi kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na wajibu wake wote. Wakachagua njia ya kati: programu ikifunguliwa mara ya kwanza inajitengenezea kitambulisho cha kubahatisha, inakihifadhi, na kukituma kwenye kila ombi katika hedari waliyoiita X-Kifaa. Kitambulisho hicho hakimtaji mtu; kinasema tu "mimi ni simu ile ile ya jana".

Faili likawa hivi, nikiacha yasiyohusika:

```
_format_version: "3.0"
services:
- name: bei
  url: http://bei:3000
  routes:
  - name: bei-v2
    paths: ["/v2"]
    strip_path: false
  plugins:
  - name: key-auth
  - name: rate-limiting
    config:
      minute: 20
      limit_by: consumer
      policy: local
consumers:
- username: simu
  plugins:
  - name: rate-limiting
    config:
      minute: 30
      limit_by: header
      header_name: X-Kifaa
      policy: local
- username: ussd
  plugins:
  - name: rate-limiting
    config:
      second: 25
      limit_by: consumer
      policy: local
```

Mpangilio wa mteja unashinda ule wa huduma, kwa hiyo wanafunzi wanabaki na 20 za jumla, na "simu" na "ussd" wanapata za kwao. Kong haijumlishi plagini (nyongeza zake, kama rate-limiting hapo juu) mbili za jina moja kwenye ombi moja; ile iliyo mahususi zaidi ndiyo inayofanya kazi. Anayedhani ameweka ukomo juu ya ukomo hajaweka.

Neno "local" hapo lilizua mjadala. Mafunzo mengi yanakuelekeza Redis, hifadhi ya data ya haraka inayokaa kwenye kumbukumbu, moja kwa moja. Redis ina maana ukiwa na Kong mbili au zaidi zinazopaswa kuhesabu kwa pamoja. Hapa Kong ni moja. Hesabu inakaa kwenye kumbukumbu ya pamoja ya mashine hiyo na hakuna wa kugawana naye. Ukiiwasha upya, hesabu inaanza sifuri. Ukomo ukiwa wa dakika, hasara yake ni dakika moja. Nilishauri Redis isubiri mpaka siku watakaponunua seva ya pili, na wakakubali. Siku hiyo ikifika watakutana na swali la fault_tolerant: Redis ikianguka, maombi yapite bila kuhesabiwa au yakataliwe? Kwa bei za mahindi, yapite. Kwa malipo ningesema kinyume.

Kuna wajanja, bila shaka. Hedari unayojiandikia mwenyewe unaweza kuibadilisha kila ombi na ukahesabiwa kuwa simu mpya. Ndiyo maana NGINX ya mbele haikuachwa mikono mitupu: ina limit_req ya maombi 50 kwa sekunde kwa kila IP, na nafasi ya mkupuo wa 200. Ni ukomo mpana, wa kumkamata mtu aliyeachia skripti, si wa kumsumbua dalali anayegawana anwani na nusu ya wilaya. Kumbuka tu kuweka limit_req_status kuwa 429, kwa sababu NGINX ikiachwa hivi hivi hujibu 503, na anayesoma 503 anadhani seva imekufa.

Jambo moja lilisahaulika kwenye ratiba: bando. Watu hawasasishi programu kwa sababu tu toleo jipya limetoka. Matoleo ya zamani hayatumi X-Kifaa, na Kong isipoikuta hedari inarudi kuhesabu kwa IP kimyakimya. Kwa hiyo /v1 iliachwa wazi bila ukomo wa Kong, ikilindwa na NGINX pekee, na X-Kifaa ikaanzia kwenye /v2.

Dakika inapogeuka

Wakati wa majaribio lilionekana jambo la kupendeza kwa mtu asiyelipia seva. Kwenye chati ya mzigo kulikuwa na mwiba kila dakika mpya inapoanza. Plagini ya Kong ya toleo huria inahesabu kwa dirisha lisilosogea: dakika ya saa, kuanzia sekunde 00 hadi 59. Mwenye ukomo wa 30 anaweza kutuma 30 kwenye sekunde ya 59 na 30 nyingine sekunde inayofuata; 60 ndani ya sekunde mbili, na hajavunja sheria yoyote. Hilo mtu anaweza kuishi nalo. Lililoleta mwiba ni programu ya simu yenyewe. Toleo la kwanza, likipata 429, lilijaribu tena papo hapo, bila kupumzika, mpaka likubaliwe. Simu zote zilizozuiwa zilikuwa zinagonga mlango kwa pamoja, na mlango unafunguka kwa zote sekunde ile ile.

Kong haimwachi mteja gizani. Jibu linakuja na maelezo yake:

```
HTTP/1.1 429 Too Many Requests
RateLimit-Limit: 30
RateLimit-Remaining: 0
RateLimit-Reset: 17
Retry-After: 17
```

Sekunde 17, imeandikwa. Programu ilirekebishwa isome Retry-After, isubiri muda huo, kisha iongeze sekunde chache za kubahatisha, ili simu mia zilizoambiwa "17" zisirudi zote kwenye ya 17. Ikishindwa tena, inasubiri mara mbili ya hapo. Na ujumbe wa Kiingereza uliomchanganya mzee ukabadilishwa kwa mpangilio wa error_message. Sasa unasema "Subiri kidogo, bei inakuja", huku programu ikionyesha bei ya mwisho iliyonayo pamoja na saa yake.

Ningependa kusema ukomo ndio ulioiokoa seva, lakini si kweli. Bei za soko hubadilika mara chache kwa siku. Kumuuliza PostgreSQL bei ya mahindi ya Kibaigwa mara elfu kwa dakika ni kumtesa bure. Plagini ya proxy-cache, inayotunza jibu na kulitoa tena bila kuuliza kanzidata, ikiwa na akiba ya sekunde 60, ilishusha mzigo wa kanzidata kuliko ukomo wowote. Ukiiweka, itazame hedari ya X-Cache-Status mpaka uone "Hit", yaani jibu limetoka kwenye akiba. Ukiona "Bypass" kila mara, kuna kitu kwenye jibu lako kinachoizuia. Akiba inatengwa kwa kila mteja, kwa hiyo ombi la kwanza la USSD haliwafaidii wa simu. Na ukomo unafanya kazi kabla ya akiba: jibu lililotoka kwenye akiba bado linahesabiwa.

Kwenye logi mpya alionekana pia mwanafunzi mmoja aliyekuwa anagusa ukomo wake wa 20 usiku kucha, kila dakika, bila kuzidisha hata mara moja. Mtu mwenye adabu zake. Alikuwa anavuta historia ya bei ya alizeti siku moja moja, soko moja moja, kwa ajili ya utafiti, kwa kuwa API haikuwa na njia nyingine ya kumpa. Palikuwa na pendekezo la kumpunguzia ukomo. Badala yake wakatengeneza faili la CSV (jedwali la maandishi) la kila mwezi linalopakuliwa mara moja, na ufunguo wake haujaonekana usiku tangu hapo.

Kilichobaki ni mvutano na wa USSD, wanaotaka 25 iwe 40 kabla ya msimu ujao. Logi inaonyesha kwamba wanauliza upya bei ile ile kwa kila mtu anayebonyeza menyu, hata watu watatu ndani ya sekunde moja. Wameombwa watunze jibu upande wao kwa dakika moja kwanza, kisha namba ijadiliwe. Wamesema watalipeleka kwa mtu wao wa mifumo.